Gari Linalosaga Meno Asubuhi

Lakica alikuwa anasaga meno tena. Sauti ndogo, kavu, ilitoka kwenye godoro la chini gizani, kama mtu anayekwangua sufuria kwa kijiko huku akiogopa kuamsha wenzake. Jogoo wa jirani alikuwa hajaanza. Kabugho alilala macho wazi, akimngoja mumewe afanye lile alilozoea kufanya: ashushe mkono kutoka kitandani, amgeuze mtoto ubavu, kisha anong'one, "Valvu za huyu musichana zinagonga. Kesho tutarekebisha."

Oryem hakushusha mkono. Alilala chali, ametulia kama mtu aliye peke yake nyumbani. Meno yakasaga, yakanyamaza, yakasaga tena. Mwishowe Kabugho akashuka mwenyewe, akamgeuza mtoto, akamfuta mate shavuni. Aliporudi kitandani usingizi ulikuwa umekwisha. Alikumbuka birika lililochemka hadi likakauka wakati Oryem amekaa kando yake. Akakumbuka ile asubuhi Oryem alipotoka nje, akakanyaga tope, akauliza, "Kumbe imenyesha?" Na mvua ilikuwa imepiga mabati usiku kucha kama inayadai kitu.

Kulipokucha, Oryem aliketi kizingitini kufunga kamba za viatu, amempa mkewe mgongo. Kabugho alisimama nyuma yake na kikombe cha chai.

"Baba Lakica," alisema, kwa sauti ile ile ya kila siku, "nyumba inawaka moto."

Oryem akafunga kamba ya kiatu cha pili.

"Na mimi nimeolewa na mutu mwingine. Mutu wa Hima. Iko na lori mbili."

Oryem akasimama, akajipangusa magoti, akageuka, akamwona. Akatabasamu. "Ah. Chai iko tayari?"

Kabugho akampa kikombe. Alitaka kucheka, akashindwa. Akachukua ufagio, akafagia mahali palipokuwa pamekwisha kufagiliwa.

Nyumba ile ilikuwa ya Kiswahili, kwa sababu haikuwa na njia nyingine. Oryem alikuwa Mwacholi, mtoto wa askari, amezaliwa kambini na kulelewa kwa amri za kambini. Kabugho alikuwa Mkonzo wa Bwera. Walipokutana, yeye hakujua Kiacholi na mwenzake hakujua Lhukonzo, wakapendana kwa lugha ambayo hakuna kati yao aliyeinyonya kwa mama. Huenda ndiyo maana walizoea kutazamana sana midomoni wakizungumza. Kabugho aliendelea kulifikiria jambo hilo baada ya Oryem kushuka njia kuelekea gereji. Alikuwa amedhani mumewe anamtazama mdomo kwa sababu anampenda.

Gereji ya Tibenderana ilikuwa pembeni mwa barabara ya kwenda Hima, mahali ambapo malori ya saruji hupita na kuacha vumbi jeupe juu ya kila kitu, hata juu ya nyusi za mafundi. Mchana Kabugho alipeleka bundu, ugali wa muhogo, na sombe ya majani yake kwenye bakuli lililofungwa kitambaa. Alimkuta Tibenderana amesimama katikati ya uwanja, mtu mnene mwenye moyo mzuri na sauti kubwa, akiita.

"Oryem. Oryem. Wewe Oryem."

Oryem alikuwa ameinama ndani ya gari, mgongo wake ukimtazama bosi. Hakugeuka. Mafundi wawili waliokuwa chini ya lori wakaanza kucheka.

"Afande ako kwa paredi," mmoja akasema. "Anangoja amri ipigwe kwa tarumbeta."

"Hawa watu wa kaskazini," Tibenderana akasema, akimgeukia Kabugho kana kwamba ndiye atakayejibu kesi. "Unamwita mara moja, mara mbili, anakupa mgongo. Mimi ndiye nalipa mishahara hapa, ama ni yeye?"

Kabugho akapita haraka, akamgusa mumewe bega. "Bosi anakuita," alisema, uso kwa uso. Oryem akageuka akiwa na tabasamu lake lote. Na Tibenderana, ambaye hakuweza kuchukia tabasamu, akapunguza sauti.

Gari lililokuwa limefunguliwa boneti lilikuwa Subaru ya turbo, rangi ya bluu iliyoiva. Ilikuwa mali ya mzee Kezironi, mnunuzi wa kahawa wa Kyarumba. Hakukuwa na turbo nyingine kule mlimani, na mzee aliipenda kuliko alivyotaka watu wajue. Tena kiwanja cha Bwera kilikuwa chake, kile kilicho karibu na mpaka wa Kongo, ambacho Tibenderana alitaka kujenga gereji ya pili. Makubaliano yalikuwa yamefikia hapo: Kezironi atoe ardhi, Tibenderana alete vyombo, Oryem awe fundi mkuu. Kabugho angerudi karibu na mama yake. Nyumba ya mabati mapya, vyumba viwili, na Lakica angekuwa na bibi wa kumfundisha Lhukonzo.

Sasa mzee Kezironi alikuwa ameleta gari kwa mara ya tatu na lawama ile ile.

"Fundi," alisema, ameegemea mlango, kofia imemshukia usoni, "hii gari inapanda mlima kama mama mujamzito. Nakanyaga, inafikiria. Nakanyaga, inafikiria. Ikimaliza kufikiria, nimepitwa na pikipiki ya ndizi. Mutu amebeba mikungu sita ananipungia mukono."

Mafundi wakacheka. Oryem naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo, baada ya kuwaona wenzake. Kisha akainama tena kwenye injini. Mzee akaendelea kusema, sasa nyuma ya boneti iliyosimama kama ukuta kati yao.

"Na asubuhi, kabla sijaonja hata kahawa yangu mwenyewe, ukiiwasha inasaga meno. Krr, krr. Kidogo tu, halafu inanyamaza. Kama mutoto mwenye minyoo."

"Ndiyo, mzee," Oryem akajibu kutoka ndani. "Nitaangalia."

Kabugho alikuwa anafungua kitambaa cha bakuli. Mkono wake ukasimama. Alimjua mumewe, angesikia kitu kama hicho angekuwa ameinuka na maswali kumi mdomoni.

Tibenderana akamvuta Oryem kando, lakini si mbali vya kutosha. "Nisikudanganye. Mzee anasema kama ikirudi tena, kiwanja atampa fundi wa Kampala. Mimi sitakufukuza hapa, lakini Bwera itakuwa imekwisha. Na mutu ambaye gari moja imemushinda mara tatu, nitamupa gari gani ya nne? Utabaki kufunga nati za malori."

Oryem akaitikia kwa kichwa, macho kwenye midomo ya bosi. Hayo aliyasikia yote.

Jioni Kabugho hakwenda darasani. Mara tatu kwa wiki alikuwa akisoma kwenye ukumbi wa kanisa, Kiingereza na kompyuta, na hakupenda kukosa. Wenzake walishaanza kumwita profesa. Lakini jioni ile alivuta kigoda nje, akaweka taa pembeni ili imulike uso wake, akamketisha mumewe mbele yake. Lakica alikuwa kwenye mkeka, akichambua maharage.

"Leo mzee Kezironi alisema kitu, hukusikia," Kabugho alianza.

"Nilisikia."

"Alisema nini?"

Oryem akaitazama taa. "Kwamba gari haipandi."

"Baada ya hapo."

Oryem akakwangua grisi kwenye kucha.

"Na asubuhi hukusikia kwamba nimeolewa Hima."

"Umeolewa Hima?"

"Iko na lori mbili."

Oryem akaanza kucheka. Akacheka hadi mabega yakatikisika, kisha akafunika uso kwa viganja vyake vyenye grisi, na mabega yakaendelea kutikisika, lakini si kwa kicheko. Kabugho akangoja. Aliweka mkono wake juu ya goti la mumewe na kuuacha hapo.

"Nani mwingine anajua?" Oryem akauliza mwishowe.

"Mimi. Na huyu."

Lakica alikuwa ameinuka na kiganja cha maharage. Alimgusa baba yake goti, akangoja amtazame, ndipo akauliza, "Baba, hizi zimetoboka nitupe?" Hivyo ndivyo alivyozungumza naye siku zote, kugusa kwanza, maneno baadaye. Hakuna aliyemfundisha. Alidhani baba wa watu wote hufunguliwa hivyo, kama mlango.

"Tupa, mama," Oryem akasema.

Ilianza na mafuriko ya Nyamwamba, alieleza, mwaka mto ulipovunja kingo zake ukabeba nyumba za watu. Alikuwa ameingia majini kutoa vyombo vya gereji. Maji yale machafu yakaingia masikioni, yakafuata usaha, usaha ukakauka, na dunia ikaanza kuondoka polepole, sauti nyembamba zikitangulia. Ndege. Meno ya Lakica. Mlio wa kifuniko cha valvu. Alingoja zirudi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Fundi asiyesikia ni nini? Ni mpishi asiye na ulimi. Nani ataniletea gari?"

"Lakini unatengeneza. Watu wanakusifu."

Oryem akatazama barabarani kama mwenye kutaka kuiba. Kisha akachukua bisibisi ndefu kutoka mfuko wa ovaroli, akaonyesha mpini wake. Plastiki ya njano ilikuwa na alama za meno pande zote.

"Ncha naweka kwa injini. Huku nauma. Injini yote inaingia kichwani, Mama Lakica. Kila valvu. Bila masikio, inapita kwa mifupa. Lakini nafanya wakienda kula. Wakiniona, itakuwa nini? Afande anakula vyuma."

Kabugho akauchukua mpini, akapapasa alama zile kwa kidole gumba. Alikuwa amejiandaa kwa machozi. Badala yake akajikuta anataka kumtandika kofi na kumkumbatia, vyote kwa pamoja.

"Basi sikiliza," alisema, akijisogeza kwenye mwanga. "Mzee alisema asubuhi ikiwashwa inasaga meno. Kidogo tu. Halafu inanyamaza."

Oryem akakaa wima. "Asubuhi tu?"

"Asubuhi. Kabla ya kahawa."

"Huku kwetu inafika ikiwa moto. Nisingeisikia hata kwa meno." Akasimama, akaketi tena, akachukua sahani mbili kutoka kwenye beseni, akaziweka mkekani. "Tazama. Hii ni shafti inayofungua valvu za kuvuta hewa. Gari za zamani, valvu inafunguka wakati ule ule siku zote. Hii ya mzee inajua kubadilisha. Ukipanda mlima, zinafunguka mapema kidogo, turbo inaamka mapema, gari inapata nguvu. Hii nyingine, kompyuta, ni afande. Anaamuru: shafti, songa mbele. Lakini afande hasogezi kitu kwa mukono wake. Oili ndiyo askari. Inapita kwa tundu ndogo, inasukuma, shafti inasonga."

"Na askari wa mzee?"

Oryem akajishika kichwa. "Askari wa mzee nimemunenepesha mimi. Niliweka oili ya lori."

"Si kila mutu Kasese anaweka?"

"Kila mutu. Mji wa malori, duka zote ni oili ya malori. Tunasema turbo inachemka, ipe nzito, itaivumilia. Na huku joto inaifanya laini. Lakini kule Kyarumba asubuhi, na baridi ya mlima? Ile ni uji wa jana. Haifiki juu. Chuma kinagonga chuma kabla oili haijafika, ndiyo kusaga meno. Na kwa mlima, afande anaamuru, askari bado anatafuta viatu." Akavuta pumzi. "Halafu mimi, kwa kompyuta, nilipoona shafti inachelewa, nikaongeza namba. Nikafanya afande apige kelele zaidi."

Lakica, aliyekuwa amesikiliza yote kwa makini, akaokota sahani moja na kuirudisha kwenye beseni.

"Utamwambia Tibenderana," Kabugho akasema.

"Kwamba sisikii?"

"Kwamba ni oili. Masikio utasema mwenyewe, siku utakayotaka. Lakini hospitali tunaenda, mimi na wewe. Hiyo si ya kujadili."

"Ndiyo, afande," Oryem akasema.

Dawa ilikuwa oili nyepesi, na Kasese nzima haikuwa nayo. Kwenye duka la kwanza kijana alimwuliza Kabugho kama anataka ya cherehani. Kwenye la pili walimwuliza kama bwana wake anajua alikotumwa. Kwa hiyo, kwa pesa ambayo Tibenderana aliitoa akiguna, alikwenda Bwera, alikozaliwa, kwenye maduka yanayouzia magari ya mashirika yanayovuka kutoka Kongo.

Mwenye duka alikuwa mama mwembamba wa ng'ambo, Mkongo, kitenge kipya, kalamu imechomekwa nyweleni.

"Mafuta ya moteri, nyepesi, iko," alisema. "Lakini bale benye kununua beko bashofere ya magari ya mashirika. Weye una gari?"

"Ni ya turbo. Ya mzee wa Kyarumba."

"Na bwana yako eko wapi? Anatuma mwanamuke kununua mafuta?"

"Bwana yangu iko chini ya gari. Nikingoja atoke, utakuwa umefunga duka."

Yule mama akamtazama, kisha akacheka kwa koo. "Ah, mwanamuke huyu. Beba." Na akamfungia debe kwa kamba mara mbili, na juu yake akaweka pipi ya mtoto ambaye Kabugho hakuwa amemtaja.

Kabla ya kurudi alipita kwenye kiwanja cha Kezironi. Palikuwa na vigingi vinne, rundo la mawe na mbuzi wawili. Alisimama hapo debe likiwa kichwani, akaamua mlango ungekaa wapi ili jua la jioni lisiingie jikoni. Kisha akajikemea. Mtu hapangi jiko juu ya mbuzi wa wenyewe.

Kwenye gereji, Oryem alimwaga oili nzito, akafungua bomba jembamba linalopeleka oili kwenye shafti. Ndani yake palikuwa na kichujio cha waya, kidogo kama kofia ya kalamu. Alikigonga kwenye kiganja. Kikatoka kitu cheusi, kama masizi ya sufuria yaliyolowa. Akamwonyesha Tibenderana. Akakisafisha kwa petroli na brashi ya meno ya zamani ya Lakica, akafungua na valvu ya umeme inayoiruhusu oili kupita, akaisafisha nayo hadi ikawa inacheza kwa kidole, kisha akajaza ile oili nyepesi ya Bwera.

Alasiri wakapanda wote garini kwenda Kyarumba. Mzee Kezironi kwenye usukani, Oryem kando yake, na nyuma Tibenderana akiwa amechukua nafasi ya watu wawili, Lakica amebanwa katikati, Kabugho dirishani na kompyuta ya gereji magotini, waya wake mrefu ukipita kati ya viti. Kazi yake ilikuwa moja: kutazama namba mbili. Moja ilikuwa ile iliyoamriwa, nyingine ile iliyotiiwa.

"Kwa nini usitazame mwenyewe?" Tibenderana akamwuliza Oryem kisogoni, na hakujibiwa.

"Mimi ndiye nasoma kompyuta," Kabugho akasema haraka. "Yeye anasikiliza gari."

Njia ilipoanza kuinuka, wanawake waliobeba maharage kichwani walipanda ukingoni kuwapisha. Mzee akakanyaga. Gari likaruka kama mbuzi aliyepigwa fimbo, likasita, likaruka tena. Kichwa cha Tibenderana kikagonga dari.

"Mumeua gari yangu," Kezironi akasema kwa huzuni kubwa.

Kabugho akamgusa Oryem bega, akamwonyesha kwa vidole: iliyoamriwa juu sana, na iliyotiiwa juu vile vile. Oryem akaangalia vidole, na uso wake ukafunguka.

"Hapana, mzee. Askari ameamka. Lakini zile kelele nilizokuwa namupigia akilala, bado zimo. Sasa anasikia zote, anaruka dirishani." Akageuka, akachukua kompyuta, akapunguza namba zake za zamani moja moja, nyingi kwenye mwendo wa chini, chache katikati, na kwenye mwendo wa juu akairudisha shafti nyuma kabisa. "Rudi chini, tuanze."

Wakashuka, wakapanda. Vidole vya Kabugho vikasema: inachelewa kidogo. Oryem akaongeza kidogo. Wakashuka tena. Wanawake wa maharage sasa walikuwa wamekaa kwenye jiwe kutazama, mmoja akasema kwa Lhukonzo kwamba wazee wakipewa gari hurudi utotoni. Mara ya nne, au ya tano, hakuna aliyeshika hesabu, mzee alikanyaga na gari likaenda. Halikuruka, halikufikiria. Filimbi nyembamba ya turbo ikapanda mapema, migongo yao ikabanwa vitini, na mbele yao, kwenye kona, ikatokea pikipiki ya ndizi.

Kezironi aliipita polepole kuliko ilivyohitajika, akashusha kioo, akapunga mkono.

Lakini mlima ulikuwa nusu tu ya shauri. Nusu nyingine ilikuwa asubuhi, na asubuhi haiwezi kuletwa gereji. Walilala kwa mzee, kwenye mikeka iliyonuka kahawa. Kabla ya kuzima taa Oryem alimwambia mkewe kwa kunong'ona, bila kujua kwamba kunong'ona kwake siku hizi kulisikika nyumba nzima, "Kesho simama mbele yangu. Ikisaga, jikune sikio."

Kulipopambazuka, ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba, na boneti ya gari ilikuwa na umande kama imemwagiwa maji. Tibenderana alikuwa amejifunga blanketi. Mke wa mzee alitoka na chai, akasimama nayo. Kezironi akaingia garini, akashika ufunguo, akangoja.

Oryem akafungua boneti. Akamtazama Kabugho, ambaye alikuwa amesimama pale alipoambiwa, mkono wake tayari karibu na sikio. Alimtazama hivyo kwa muda. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa bisibisi, akaweka ncha juu ya injini, na mbele ya watu wote akainama akaleta mpini mdomoni.

"Nini sasa, Afande," Tibenderana akasema. "Chai si hiyo inakuja?"

Oryem hakusikia, lakini aliona blanketi likitikisika kwa kicheko. Akauondoa mpini.

"Bosi, masikio yangu yamekufa. Tangu Nyamwamba. Injini nasikia kwa meno."

Kuku mmoja alipita katikati yao, akaenda zake. Kabugho aliteremsha mkono, hakujua auweke wapi.

"Kumbe," Tibenderana akasema taratibu. "Mwaka muzima nakuita. Mimi nikajua unanidharau. Nimekwenda nyumbani nikamwambia mke wangu, yule Mwacholi ananidharau."

"Anasema alidhani unamdharau," Kabugho akamwambia mumewe.

"Nimeona," Oryem akasema. "Sikudharau, bosi. Niliogopa."

Kezironi akatoa kichwa dirishani. "Mimi ningekuwa na meno ya kutosha, ningeonja na mimi. Tunawasha ama tunazika mutu?"

Tibenderana akafungua mdomo, kisha akakumbuka kitu. Akaizunguka gari yote, blanketi likiburura umandeni, akaja kusimama mahali ambapo Oryem angeona uso wake.

"Tazama hapa," alisema, akiyatamka maneno makubwa makubwa kama ya kutundikwa ukutani. "Ikisaga, hakuna Bwera. Isiposaga, sijali unasikilizia wapi."

Oryem akaitikia kwa kichwa. Akauma mpini, akafumba macho. Mzee akazungusha ufunguo.

Injini ikashika. Kabugho aliisikia, au alidhani ameisikia, na hakuthubutu kuyaamini masikio yake, kwa kuwa yalitaka mno. Aliutazama uso wa mumewe, kope zilizofumba, mstari wa taya. Tibenderana aliutazama pia. Mke wa mzee alikuwa ameshika chai bila kuimimina. Mvuke mweupe ulitoka nyuma ya gari, ukachanganyika na ukungu, na injini ikaendelea.

Lakica, aliyekuwa amefungwa kitenge cha mama yake hadi kidevuni, akatoka kando ya Kabugho. Akaenda hadi kwa baba yake, akamgusa goti, akangoja. Oryem akafumbua macho, akamtazama.

"Baba," alisema Lakica, "gari imeacha kusaga meno."